Kabla ya Kununua Kadi ya Grafiki, Ipime Kwanza Kompyuta Uliyonayo

Rafiki akiniuliza anunue kadi gani ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha za gemu, mimi namuuliza kwanza kuhusu skrini yake: ina pikseli ngapi, na ni ya hezi ngapi, yaani inaonyesha picha mpya mara ngapi kwa sekunde? Wengi hawana jibu. Jina la kadi wanayoitamani wamelikariri, lakini skrini wanayoikodolea macho kila usiku hawaijui sifa zake. Kwangu ushauri wote unaanzia hapo.

Piga hesabu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi kidogo ya milioni 2. Ya 2560 kwa 1440 inafika karibu milioni 3.7. Ile ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina kama milioni 8.3, mara nne ya ile ya kwanza. Ukitaka fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kadi ina milisekunde 16.7 hivi za kukamilisha kila fremu. Ukitaka 144, inabakiwa na milisekunde 6.9 tu. Ndiyo maana kadi moja humtosha huyu kabisa na kumwelemea yule, ingawa wote wawili wanacheza gemu ileile. Mwenye skrini ya hezi 60 akinunua kadi ya kutoa fremu 200, fedha nyingi imekwenda kwenye picha ambazo skrini yake haiwezi kuzionyesha.

Baada ya skrini, pima. Kabla sijaibadilisha kadi yangu ya zamani, GTX 1060, nilicheza jioni kadhaa nikiwa nimewasha MSI Afterburner, programu ya bure inayoonyesha pembeni mwa skrini kadi na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, zinatumika kwa kiasi gani. Kadi ikikaa kwenye asilimia 97 hadi 99 huku fremu zikiwa chache, basi kadi ndiyo imefika mwisho. Ikizungukia asilimia 60 na gemu bado ni nzito, mkwamo uko kwingine. Angalizo moja: usidanganywe na prosesa inayosoma asilimia 40. Prosesa ina viini kadhaa vinavyogawana kazi, lakini gemu nyingi hutegemea sana kimoja au viwili, na hivyo vinaweza kuwa vimejaa pomoni wakati vingine vimelala. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kushusha idadi ya pikseli kwenye mipangilio ya gemu. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inakubana. Zikibaki palepale, kadi mpya haitakusaidia kitu.

Mdogo wangu alikuwa ameshachagua kadi ya kununua tulipofanya kipimo hicho. Fremu hazikusogea hata kidogo. Tulipofungua kasha tukakuta RAM, memori kuu ya kompyuta, ni kijiti kimoja tu, maana yake prosesa ilikuwa inapata data kwa njia moja badala ya mbili. Tuliongeza kijiti cha pili kinacholingana na kile cha kwanza, tukakichomeka kwenye nafasi sahihi, na gemu yake ikaacha kukwamakwama. Kadi yake ya zamani anaitumia mpaka leo, na ameridhika.

Tuseme umepima na kweli ni kadi. Sasa tazama memori yake kwa makini kuliko unavyotazama jina. Memori ya kadi ikijaa, data inayokosa nafasi huhamia kwenye RAM ya kompyuta na kulazimika kupita njia ya PCIe inayounganisha kadi na ubao mkuu wa kompyuta, ambayo ni ya polepole mno ukiilinganisha na memori ya kadi yenyewe. Wastani wa fremu unaweza kuonekana mzuri kwenye majedwali, lakini wewe mchezaji unahisi picha inashtuka kila unapogeuka, au unaona kuta zenye ukungu zinazochelewa kupata sura. Kwa gemu mpya, GB 8 ndicho kiwango cha chini ninachokikubali kwa skrini ya 1080. Kwa 1440 namshauri mtu atafute 12 kwenda juu.

Na majina yanapotosha. GTX 1060 ilitoka ya GB 3 na ya GB 6, na ile ndogo ilipunguziwa hata viini: 1152 badala ya 1280. RTX 4060 Ti ipo ya 8 na ipo ya 16. RTX 3060 ya GB 12 ni ya kizazi cha nyuma, lakini ina memori nyingi kuliko RTX 4060, ambayo ina 8. Angalia pia njia za PCIe: RX 6500 XT inatumia njia 4 tu na ina GB 4 za memori, kwa hiyo kwenye ubao mkuu wa PCIe 3.0, toleo la zamani, inapoteza nguvu waziwazi. Aliye na kompyuta ya zamani ndiye huvutiwa na kadi ndogo kama hiyo, na ndiye inayemwumiza zaidi.

Kuhusu umeme, nafasi ya PCIe ambamo kadi huchomekwa yenyewe hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 huongeza 75 na ya pini 8 huongeza 150. Mimi nilichukua RX 6600 kwa sababu inatumia wati 132 na plagi moja ya pini 8, na pawa saplai yangu (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 450 iliimudu bila wasiwasi. RTX 3060 ya wati 170 ingenilazimu kufikiria pawa saplai nyingine. Pima pia urefu wa nafasi ndani ya kasha kwa rula. Kadi nyingi za feni tatu huzidi sentimita 30.

Teknolojia za DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD, zinazochora picha ndogo kisha kuikuza, ni msaada wa kweli na mimi huzitumia. Lakini fremu za kubuniwa katikati ya fremu halisi msizihesabu mnapolinganisha kadi. Hulainisha mwendo wa picha, ila mkono wako haujibiwi haraka zaidi.

Kadi iliyotumika siikatai. Muombe muuzaji uijaribu kwa gemu nzito angalau nusu saa, usikilize feni, utazame joto na utafute vidoa vya ajabu kwenye picha. Akikataa, ondoka.

Siku ya kuifunga, kama unahama kutoka NVIDIA kwenda AMD au kinyume chake, futa kwanza draiva za zamani, yaani programu zinazoiendesha kadi, kwa kutumia programu ya DDU. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi yenyewe, usiuache kwenye ubao mkuu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows uchague hezi kubwa kabisa ambayo skrini yako inaimudu, kwa sababu mara nyingi hubaki kwenye 60 mpaka uibadilishe mwenyewe.