Majivu ya Ganon yako wapi? Maswali ya wasomaji kuhusu Zelda

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: wasomaji wanataka kubuni wenyewe gemu inayofuata katika mfululizo wa gemu za video wa The Legend of Zelda, na wanakwama kwenye matawi ya historia yake. Kwa aliye mgeni: kitabu rasmi cha mfululizo huo kilichotoka Japani Desemba 2011 kilionyesha kwamba historia inagawanyika katika matawi matatu baada ya Ocarina of Time (1998). Katika tawi moja, Link, shujaa wa mfululizo, anashindwa na Ganon, adui wake mkuu. Katika la pili, anashinda na kurudishwa utotoni. La tatu ni la ile Hyrule (ufalme wa hadithi hizi) aliyoiacha nyuma, ikabaki bila shujaa.

Shikamooni wahariri. Nimechagua tawi ambalo Link alishindwa. Kwenye mchoro linaishia Zelda II ya 1987. Nianzie wapi?

Marahaba. Hadithi iache kwanza, hesabu vitu. Chukua karatasi uandike mambo matatu: Triforce (pembetatu tatu takatifu zenye uwezo mkuu) iko wapi, upanga wa Master Sword uko wapi, Ganon yuko katika hali gani. Ganon ni majivu. Katika gemu ya kwanza, ya 1986, mshale wa fedha unammaliza na kinachobaki ni kirundo cha majivu ndani ya Death Mountain, Triforce ya Nguvu ikiwa papo hapo. Upanga ulirudishwa mahali pake msituni mwishoni mwa A Link Between Worlds (2013), na katika gemu ya kwanza na Zelda II hauonekani. Triforce zote tatu, mwisho wa Zelda II, ziko mikononi mwa ufalme.

Hapo kwenye Triforce ndipo wengi wanapoharibu. Wanayakimbilia majivu na kusahau kwamba Triforce iliyokamilika humtimizia anayeigusa ombi lake. Mfalme akiwa nayo ndani, adui yeyote utakayemleta anaweza kufutwa kwa ombi moja, na mchezaji makini atauliza kwa nini ombi hilo haliombwi. Dawa ni kuitumia kabla gemu haijaanza. The Wind Waker (2002) imeshatuonyesha njia: mfalme anaigusa, anaomba Hyrule izame, nayo Triforce inatoweka. Kwako iwe hivi: vizazi viwili baada ya Zelda II, mfalme aliomba ardhi ipone, ikapona, na sasa kasri halina kinga.

Sasa majivu. Katika Zelda II, wafuasi wa Ganon wanamwinda Link ili wamuue na kunyunyizia damu yake juu ya majivu, bwana wao afufuke. Ndiyo maana mchezaji akimaliza maisha yake yote, kioo kinaandika kwamba Ganon amerudi. Kifo cha mchezaji kimekuwa sehemu ya hadithi yenyewe. Sisi tunaliona hilo kuwa wazo zuri kuliko yote katika tawi hili, na tungejenga juu yake.

Mfano wa kanuni: wafuasi wameyagawa majivu katika vyungu 4 na kuvificha karibu na miji ya Rauru, Ruto, Saria na Darunia. Link akianguka karibu na Ruto, chungu cha Ruto kinapata alama 1. Alama ya kwanza, maadui wanaanza kutoka usiku. Ya pili, wenye maduka wanafunga milango. Ya tatu, bosi wa eneo anapata pigo jipya. Usivuke 3. Anayeanguka mara nyingi ndiye ambaye bado hajaizoea gemu. Ukimwongezea ugumu bila kikomo, anaiacha. Weka pia chemchemi inayofuta alama 1 kwa malipo, lakini piga hesabu ya bei. Ukidai rupee 60 (sarafu ya gemu hizi) na adui wa kawaida anatoa 2, hao ni maadui 30, na mchezaji mchanga ataanguka tena akiwa bado anazitafuta. Rupee 20, yaani maadui 10, zinatosha.

Kuhusu ramani: Zelda II iliifanya nchi yote ya gemu ya kwanza kuwa pembe ndogo tu upande wa kusini. Usitanue tena. Rudi kwenye pembe hiyo uijaze nyumba, mashamba na watu.

Je, naweza kuunganisha Breath of the Wild na tawi mojawapo?

Kwenye orodha ya Nintendo, Breath of the Wild (2017) na Tears of the Kingdom (2023) zimewekwa peke yake, nje ya matawi yote. Ukizilazimisha kuingia, kurasa zako zitajaa maelezo na hazitabaki na mchezo. Ziache.

Nataka Ganondorf (Ganon katika umbo la mtu) arudi kwenye tawi la bahari, yaani lile la tatu, baada ya Spirit Tracks. Inakubalika?

Inakubalika, ila gharama yake ni kubwa. Mwishoni mwa The Wind Waker yeye ni jiwe chini ya bahari, Master Sword ukiwa umezama kichwani mwake. Spirit Tracks (2009) iko miaka kama 100 baadaye, katika nchi mpya ya treni, na adui wake ni mwingine, Malladus. Kwa hiyo anayeutaka upanga ule lazima auchomoe kichwani mwa Ganondorf. Hilo ndilo liwe swali la gemu nzima: mchezaji aone upanga, ajue uko kichwani mwa nani, kisha aamue. Ukimfufua Ganondorf kwa uchawi wa mtu mwingine, umeitupa zawadi uliyoachiwa.

Angalia pia Niko, yule maharamia wa The Wind Waker: katika Spirit Tracks bado yu hai, mzee, anasimulia safari za zamani. Shahidi mmoja wa namna hiyo anaiunganisha gemu na iliyotangulia kuliko kurasa 10 za historia. Ukiruka miaka 1,000, humpati.

Nimepanga nchi tatu na mahekalu 12. Rafiki yangu anasema ni mengi mno.

Rafiki yako yuko sahihi. Majora's Mask ilitoka Japani Aprili 2000, mwaka mmoja na nusu hivi baada ya Ocarina of Time. Watengenezaji walichukua maumbo ya wahusika waliyokwisha kuyatengeneza, wakawapa majina na maisha mapya, wakajenga mahekalu makubwa 4 tu. Kilichoijaza gemu ni siku 3 zinazojirudia: saa moja ya humo ni kama sekunde 45, hivyo siku zote 3 ni dakika 54, usipoipunguza kasi kwa wimbo. Wakazi wengi wa mjini wana ratiba zao ndani ya dakika hizo.

Punguza mahekalu hadi 4. Kisha chagua wahusika 8, uandike kila mmoja yuko wapi asubuhi, mchana na usiku. Hiyo ni mistari 24, na inaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari.