Ufa wa baada ya tetemeko: usikimbilie plasta

SWALI: Ardhi ilipotikisika, ukuta wangu wa tofali za saruji ulipasuka kwenye kona za madirisha. Fundi anasema nipige plasta tu. Nimsikilize?
Msomaji, Ipagala, Dodoma

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Plasta huficha ufa, haishiki ukuta. Ufa mwembamba kama unywele, ulio kwenye plasta pekee, usikunyime usingizi. Wa kuogopa ni unaokwenda mshazari, unaopasua tofali hadi upande wa pili, au unaozidi milimita 5: huo hameni chumba, muite mhandisi. Nyufa nyingine ziwekee alama za penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe, pima kila wiki.

Tatizo kwa kawaida ni lenta, yaani boriti ya zege, iliyowekwa juu ya madirisha tu. Mkanda wa zege uzunguke kuta zote bila kukatika: nondo 4 za milimita 12, ringi (vyuma vinavyozifunga nondo pamoja) za milimita 8 kila sentimita 20. Konani nondo zikunjwe, zipishane sentimita 60. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Nondo zikiishia konani, kuta huachana. Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha kuta nyingi zisizofungwa kwa mkanda, na Dodoma nayo imekaa kwenye Bonde la Ufa.

Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani moja. Lisikae juu ya kitanda cha mtu. Kabati zifungwe ukutani. Mtikisiko ukianza, ingieni chini ya meza imara. Ukitulia, funga valvu ya mtungi wa gesi kabla ya kuwasha chochote.