Ukiiga jeti za mashimo meusi, anza na mwanga

Kazi yangu ni kuiga kwa kompyuta jeti, yaani mikondo ya plazma (gesi moto iliyogawanyika kuwa elektroni na ioni), zinazofyatuka kutoka kwenye mashimo meusi makubwa yaliyo katikati ya galaksi, kisha kukokotoa mwanga ambao darubini ingeupokea kutoka huko. Wanaoanza kazi hii huniletea maswali yanayofanana, na mengi yanatokana na makosa niliyowahi kuyafanya mimi mwenyewe. Kwa hiyo naandika ushauri ambao ningependa kuusikia siku ya kwanza: usisubiri uigaji wa plazma uishe ndipo uanze kufikiria mwanga. Anza na mwanga, halafu urudi nyuma kwenye plazma.

Sababu yake ni kwamba hakuna darubini inayoona plazma. Mwaka 1918 Heber Curtis, akiwa katika kituo cha kutazamia nyota cha Lick, aliona katikati ya galaksi M87 mstari wa ajabu ulionyooka. Leo tunajua ni jeti yenye urefu wa maelfu ya miaka-nuru, inayotoka kwenye shimo jeusi lenye masi ya Jua mara bilioni 6.5 hivi, umbali wa miaka-nuru milioni 55. Yote hayo tumeyajua kwa mwanga tu. Hatuwezi kwenda kupima densiti pale, wala kutumbukiza kipimajoto.

Mwanga wenyewe, hata hivyo, hauji na ung'avu peke yake. Elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga, zikizungukazunguka mistari ya uga sumaku, hutoa mwanga wa sinkrotroni, na wimbi la mwanga huo hutikisika zaidi upande mmoja: upande unaokingama na uga kama unavyoonekana kutoka pale ulipotoka. Huo ndio mwanga uliopolarishwa. Ung'avu unakwambia plazma iko wapi na ina nguvu gani. Polaraizesheni inakwambia uga sumaku umelala vipi. Na kwa jeti, uga sumaku ndio kiini cha habari yote, kwa sababu tangu wanafizikia Blandford na Znajek waandike mwaka 1977, maelezo yenye nguvu kuliko mengine ni kwamba uga uliokita kwenye shimo linalozunguka huchota nishati ya mzunguko huo na kuisukuma nje. Ndiyo maana picha ya shimo la M87 ya Machi 2021, iliyotolewa na Event Horizon Telescope (mtandao wa darubini za redio duniani), ilinigusa kuliko ile ya kwanza ya Aprili 2019. Ya kwanza ilionyesha pete. Ya pili ilionyesha mistari ikijisokota kuizunguka pete ile ile, na kutokana nayo watafiti wakakadiria uga wa gausi (kipimo cha nguvu ya uga sumaku) 1 hadi 30 karibu kabisa na shimo.

Sasa kosa lililonigharimu muda kuliko yote. Nilikuwa na picha ya jeti niliyoiiga, kila pikseli ina pembe yake ya polaraizesheni. Nikataka kuififisha picha ifikie ukali wa darubini, nikachukua wastani wa pembe za pikseli zinazopakana. Katikati ya jeti mistari ikageuka ghafla kwa nyuzi 90. Nilifurahi mno. Nikaandika kurasa nne nikieleza jinsi uga unavyobadilika kutoka kufuata jeti hadi kuizunguka kama kamba iliyoviringishwa kwenye mti. Mwenzangu akaniomba jambo moja tu: nimwonyeshe namba za pikseli mbili zilizo jirani mahali pale.

Moja ilikuwa nyuzi 1. Nyingine nyuzi 179.

Mtikisiko wa mwanga hauna kichwa wala mkia. Nyuzi 180 ni sawasawa na nyuzi 0. Kwa hiyo pikseli zile mbili zilitofautiana kwa nyuzi 2 tu, zote zikiwa karibu wima. Ila ukijumlisha 1 na 179 na kugawa kwa mbili unapata 90, mstari uliolala chini. Kurasa zangu nne zilieleza makosa ya hesabu.

Dawa yake imejulikana tangu George Stokes alipoitoa mwaka 1852: usibebe pembe, beba vigezo vinne, I, Q, U na V. I ni mwanga wote, Q na U zinabeba polaraizesheni ya mstari, V ya mviringo. Pembe ya nyuzi 1 inatoa U ndogo iliyo chanya, nyuzi 179 inatoa U ile ile ikiwa hasi, na Q zao ni sawa. Jumlisha: U zinafutana, Q zinabaki, pembe ni sifuri. Kila kitu unachotaka kufanya kwenye picha, iwe kuififisha, kuchukua wastani wa muda au kuongeza kelele ya darubini, kifanye kwenye I, Q, U na V. Pembe na asilimia ya polaraizesheni zitafute mwisho kabisa.

Njia hiyo inakufundisha pia kuheshimu polaraizesheni ndogo. Nyuzi 45 na nyuzi 135 zikiangukia ndani ya doa moja la darubini, yaani eneo dogo kabisa inaloweza kulitofautisha, hufutana, na doa linaonekana halina mwelekeo wowote. Nadharia inaruhusu sinkrotroni kwenye uga ulionyooka ifike asilimia 70 hivi. Kwenye pete ya M87 iliyopigwa picha, polaraizesheni hufika kama asilimia 15. Upungufu huo una habari ndani yake, unaeleza msukosuko uliofichika ndani ya doa. Uigaji wako usipopungua kiasi hicho baada ya kufifishwa, kuna kitu umekosa, hata kama umbo la pete linalingana vizuri.

Jambo la pili linahusu kitovu cha jeti. Karibu na mhimili, gesi karibu yote imetupwa nje au imedondokea shimoni, na uga unabaki karibu peke yake. Milinganyo haivumilii utupu, hivyo programu zote za aina hii huweka sakafu ya densiti: seli ikipungua mno, programu inaingiza gesi kidogo ili hesabu isivunjike. Gesi hiyo si ya kweli. Mwanzoni nilikaa wiki nzima nikifuatilia fundo zuri linalong'aa likipanda kando ya mhimili, na nilipochora ramani ya mahali programu ilipoingiza gesi, fundo lilikaa juu yake barabara. Desturi ni kuzima mwanga pale nishati ya uga inapoizidi ile ya masi ya gesi iliyotulia. Mimi nasema usiishie kwenye mpaka mmoja wa uwiano huo. Jaribu 1, jaribu 5, jaribu 10, na kitu kinachotoweka au kuhama kwa sababu umegusa namba hiyo usikiite matokeo.

Halijoto ya elektroni inahitaji tahadhari kubwa kuliko watu wengi wanavyoipa. Uigaji wa kawaida unakupa halijoto moja, ya gesi nzima, na gesi hiyo inatawaliwa na ioni. Lakini plazma hii ni nyepesi mno, chembe zake hazigongani vya kutosha, na elektroni zinaweza kuwa baridi sana kuliko ioni. Ukibadilisha kanuni ya kuzigawia joto hubadilishi ung'avu tu. Elektroni moto ndizo zinazong'aa, na zile baridi zaidi ndizo zinazouzungusha mwelekeo wa mwanga unapopita katikati yake, jambo liitwalo mzunguko wa Faraday. Plazma ikiwa pazia mbele ya chanzo, mzunguko hukua kwa kipeo cha pili cha urefu wa wimbi: toka milimita 1.3 nenda milimita 3.9, na mzunguko ni mara 9. Ikiwa imechanganyika na chanzo chenyewe, kanuni hiyo haifuatwi tena, na pembe zinavurugana. Kokotoa picha moja mara mbili, mzunguko wa Faraday ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa. Ziweke bega kwa bega. Utaona papo hapo sehemu ipi ya mchoro ni uga na ipi ni pazia.

Kuhusu muda, nitasema kifupi. Kwa M87 kipimo cha asili cha saa ya shimo (muda wa mwanga kukatiza umbali wa kadiri ya ukubwa wa shimo) ni kama saa 9. Kwa Sgr A*, shimo la galaksi yetu, ni kama sekunde 20. Wengi hugandisha plazma huku mwanga ukisafiri, na kwenye pete mara nyingi inatosha. Kwenye jeti inayokimbia kutuelekea haitoshi, maana chanzo kinaufuata mwanga wake mwenyewe. Hubble iliona mafundo ya M87 yakionekana kwenda mara 6 ya kasi ya mwanga, na sababu ni hiyo hiyo. Hifadhi data kwa vipindi vifupi tangu mwanzo, kwa kuwa uigaji uliokwisha hauwezi kukurudishia hatua ambazo hukuzihifadhi.

Kabla ya kugusa shimo lolote, mimi sasa huanza na boksi tupu: uga mmoja ulionyooka, elektroni ambazo idadi yake hupungua kadiri nishati inavyopanda, kwa kipeo cha 2, plazma nyembamba isiyomeza mwanga wake, hakuna mvutano wala mwendo. Polaraizesheni lazima iwe asilimia 69.2. Nikiweka kipeo cha 3, lazima iwe 75. Kisha nageuza uga nyuzi 30, kutoka kaskazini kuelekea mashariki kama wanaastronomia wanavyopima, na kuangalia pembe. Ikigeuka nyuzi 30 kuelekea magharibi, basi alama ya U imepinduka, na mara nyingi ni kwa sababu faili la picha linahesabu safu zake kuanzia juu badala ya chini.