Jejunamu na ileamu: tazama mishipa kwanza, urefu baadaye

Mkuu, umeuliza jejunamu na ileamu, sehemu ya pili na ya tatu ya utumbo mwembamba, zinatofautishwaje wakati hakuna mpaka kati yake, na kwa nini ateri (mshipa unaopeleka damu) moja ikiziba utumbo karibu wote hufa. Majibu yote yako kwenye mesenteri, utando unaoshikilia utumbo na kupitisha mishipa yake ya damu.

Tandaza mesenteri ya kitanzi kimoja cha utumbo, umulike kwa nyuma. Kwenye jejunamu utaona tao moja au mawili ya ateri, kisha vijiateri virefu vilivyonyooka kwenda kwenye utumbo. Mafuta karibu na utumbo ni haba, kwa hiyo mwanga unapenya kati ya mishipa kama madirisha. Kwenye ileamu matao yamepandana matatu hadi matano, vijiateri ni vifupi, na mafuta yamejaa hadi ukingoni. Mabadiliko huja polepole, hivyo kitanzi cha katikati kisikusumbue sana.

Duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, sentimita 25 hivi, hulishwa na ateri mbili. Hadi pale mrija wa nyongo unapoingia, damu hutoka ateri ya seliaki; kuanzia hapo ni ateri ya mesenteri ya juu. Hii huchipuka kwenye aota, ateri kuu ya mwili, usawa wa pingili ya kwanza ya kiuno, ikapita mbele ya sehemu ya tatu ya duodeni. Kushoto hutoa matawi ya utumbo mwembamba, kulia ya utumbo mpana. Vena yake, mshipa unaorudisha damu, hukaa kulia kwa ateri. Ukiiona vena kushoto kwenye CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka), shuku utumbo uliojipanga vibaya tangu mimba.

Tawi moja likiziba, matao huleta damu ya jirani. Vijiateri nyoofu havina msaada huo. Ndiyo maana wakati wa upasuaji, ukivikata kupita mahali utakaposhona, ukingo ulio mbali na mesenteri hugeuka bluu na mshono huvuja. Kata kwa mshazari, uondoe zaidi upande huo.

Sasa kuziba kwa ateri ya mesenteri ya juu, ile moja uliyoiuliza. Donge la damu kutoka moyoni kwa kawaida hupita matawi ya kwanza na kunasa chini ya tawi la kati la utumbo mpana, kwa hiyo mwanzo wa jejunamu hupona. Damu ikigandia mdomoni mwa ateri iliyokwisha kusinyaa kwa mafuta, jejunamu nayo huingia hatarini.

Mgonjwa analalamika maumivu makali mno, lakini ukimbonyeza tumbo ni laini. Hapo omba CT ya mishipa mara moja. Kipimo cha damu cha lakteti (kemikali inayopanda tishu zikikosa oksijeni) kikiwa cha kawaida, hakimaanishi kwamba ugonjwa huu haupo, na tumbo likishakaza, ukuta wa utumbo mara nyingi umeshaanza kuoza.