Re: Kuongea Kisukuma chuoni
Dogo, umeuliza ukiongea Kisukuma hapo chuo utaonekana mshamba? Watakucheka wiki mbili tatu alafu watazoea, mi nilichekwa lafudhi mpaka nikawa naogopa presentesheni kumbe wanaonicheka wenyewe ni Wasukuma wa Magu na Misungwi wanajificha tu 😂. Kilichonibeba ni grupu letu la diskasheni, swali gumu tunalipiga kwanza kwa Kisukuma, likieleweka ndo tunaandika Kiingereza cha pepa. Na mwezi wa 6 Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Kisukuma, ikifika panda daladala ya Kisesa uende Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma hapo nje ya Mwanza, uone vile vikundi viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, wanavyoshindana ngoma, ila kama una testi Jumatatu usilale huko. Michembe ya mama (vile viazi vitamu vya kukausha) nayo beba, bumu la mkopo likikata utanishukuru.