Maswali ya Wasomaji: Sheria Ndogo, Mita 60 na Stakabadhi

SWALI: Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji wilayani Sikonge. Tulipitisha sheria ndogo ya kuzuia ukataji miti na uchomaji mkaa. Tumemkamata mtu na magunia yake, lakini wilayani wanatuambia sheria yetu haipo. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu mjumbe, inaelekea mliishia kijijini. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, sheria ndogo ya kijiji huanza kufanya kazi baada ya kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kabla ya hapo mnayo rasimu tu, hata kama kijiji kizima kilinyoosha mikono.

Safari yenyewe ni hii. Halmashauri ya kijiji inakaa, inajadili tatizo na kuandika rasimu. Mtendaji anaitisha mkutano mkuu wa kijiji, rasimu inasomwa kifungu kwa kifungu na wananchi wanatoa maoni. Halmashauri ya kijiji inakaa tena kuyaingiza maoni hayo, mwenyekiti na mtendaji wanatia sahihi na mhuri, kisha faili linapelekwa kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya ili lifike kwa madiwani. Zikitungwa na wilaya, sheria ndogo zinahitaji pia idhini ya waziri. Za kijiji zinaishia kwa madiwani.

Faili nyingi hukwama kwa sababu ya muhtasari. Unakuta umeandikwa "wananchi walikubali kwa kauli moja" na hakuna orodha ya mahudhurio, tarehe wala maoni ya mtu hata mmoja. Ambatisheni majina na sahihi za waliohudhuria, na muandike hata pingamizi. Muhtasari wenye ubishi huaminika zaidi.

Kinachofuata ni lugha ya sheria yenyewe. "Ni marufuku kukata miti ovyo" haitekelezeki, maana kila mtuhumiwa atasema yeye hakukata ovyo. Tena inamgusa hata mkulima anayefyeka shamba lake. Andikeni hivi: "Mtu yeyote hatakata mti, hatachoma mkaa wala kulisha mifugo ndani ya msitu wa kijiji ulioonyeshwa kwenye ramani ya Jedwali la Kwanza, bila kibali cha maandishi cha halmashauri ya kijiji." Hapo pana mahali, tendo na mwenye kutoa kibali. Ramani itoke kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, na mipaka ikubaliwe kwa maandishi na vijiji jirani. Mkiruka hatua hiyo, mtuhumiwa atasema alikuwa upande wa pili, nanyi hamtakuwa na la kujibu.

Tajeni pia yanayoruhusiwa: uyoga, dawa za miti shamba, kuni kavu, mizinga. Kwa Tabora msisahau asali. Kurina kwa mwenge wa majani wakati wa kiangazi ni chanzo cha moto msituni, kwa hiyo kifungu kidai bomba la moshi la kufukizia nyuki na ndoo ya maji. Kiwango cha faini msijipangie. Mwanasheria wa halmashauri awaambie ukomo wa kisheria, kwani kikizidi hapo kifungu kinabatilika.

Msitu huo mnaweza pia kuutenga kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mtahitaji kamati ya maliasili iliyochaguliwa na mkutano mkuu, mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Ni kazi ndefu, ila kijiji hupata mamlaka ya kutoa vibali vyake na kubaki na mapato.

SWALI: Nalima mchicha na nyanya bondeni, mto Luiche, karibu na Ujiji. Ninaambiwa niondoke ndani ya mita 60. Zinapimwaje?

JIBU: Mama, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa la asili, bwawa au bahari. Kwa hiyo hoja kwamba mchicha ni wa msimu haikuokoi ukilima hadi kwenye ukingo, udongo ukawa unaporomokea mtoni.

Kipimo ni cha usawa. Kamba ikilazwa juu ya mteremko wa nyuzi 30, mita 60 za kamba ni kama mita 52 tu za usawa. Kwenye mteremko pimeni kwa ngazi: kamba ivutwe sawasawa hewani vipande vya mita tano, kila kipande kishushwe chini kwa timazi. Mpaka wenye uzito ni ule uliowekwa alama na wataalamu, basi ombeni halmashauri na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo ofisi yake iko Kigoma, waje wasimike vigingi. Mwenyekiti wa mtaa kuhesabu hatua kwa miguu si upimaji.

Ukanda ukiachwa, mabingobingo na miti ya asili hushika udongo vizuri. Mikaratusi isipandwe hapo; inanyonya maji mno.

SWALI: Kaliua. Mgambo wamezuia baiskeli yangu yenye mkaa, wakataka hela taslimu "tuyamalize." Ni halali?

JIBU: Hapana. Malipo halali yana kumbukumbu namba na stakabadhi ya serikali. Wakishikilia mali, dai hati yenye idadi ya magunia, baiskeli, tarehe, jina la aliyeshika na sahihi za mashahidi wawili. Ila jua kwamba kama huna kibali cha kuvuna wala hati ya kusafirishia mazao ya misitu, mkaa unaweza kutaifishwa hata kama mgambo naye ana kosa. Lalamiko peleka kwa mtendaji wa kata kwa maandishi, nakala kwa mkurugenzi, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.