Filamu haiendi kwenye sanduku

Roli sita za filamu ya kamera. Hizo ndizo nlizozipoteza na mpaka leo nkikumbuka roho yaniuma, manake hazikuwa picha za mchezo. Tano zilikuwa za Maulidi ya Lamu, mbio za punda, wazee na matwari yao kule msikiti wa Riyadha, na moja nzima ilikuwa harusi ya binamu yangu hapa Mji wa Kale. Nlikuwa naenda Uingereza kwa dadangu nkasema si nende nazo zikaoshwe huko huko, basi nkazitia kwenye soksi, soksi nkaichomeka katikati ya sanduku baina ya chupa za achari alizofunga mama na pakiti za kahawa, sanduku likapanda mkanda likaingia ndani kule, na mimi najiona mjanja kweli kweli.

Yule fundi wa kuosha aliponirudishia negativu aliniuliza swali moja tu, zilikuwa kwenye mzigo mkubwa? Nkaziinua kwenye taa. Zimefunga ukungu wa kijivu, na juu ya ukungu kuna mawimbi mawimbi yamepita kutoka ukingo hadi ukingo, kama mchanga unavyobaki na mistari maji yakishakupwa. Bibi harusi amekaa na hina yake mkononi, na wimbi moja limempitia usoni sawasawa.

Kwa hivyo nawaambia nyinyi mlioanza kununua kamera za kina babu na kuzunguka nazo Ngome ya Yesu: filamu ambayo haijaoshwa haiingii kwenye mzigo unaokabidhi kaunta. Hata moja. Zile mashini za mizigo mikubwa zina eksirei kali kuliko za begi la mkononi, na filamu kazi yake ni kupokea mwanga, haijui kwamba huu ni mwanga wa sekyuriti na ule ni mwanga wa jua la Lamu, yote inapokea. Ikishaoshwa basi, haina tena shida, negativu na picha pitisha utakako. Ndio maana siku hizi nkiweza naosha kabla sijasafiri, hata kama ni ghali, nalala usingizi.

Sasa begi la mkononi nalo lina mambo yake. Zamani watu walikuwa wanasema filamu chini ya ISO 800 (ISO ni namba ya kasi, ikiwa kubwa filamu yashika mwanga upesi) haina neno, pitisha tu, na kwa mashini za kizamani ilikuwa kweli kiasi, filamu kama Gold 200 au HP5 ya 400 ikipita mara moja mbili huoni kitu. Lakini eksirei hujumlika. Hebu hesabu: Mombasa unapitisha begi mlangoni pa kuingilia, unapitisha tena kabla ya kuingia kungojea ndege, ukibadilisha ndege njiani ni tena, na kurudi vivyo hivyo, mpaka ushafika Changamwe unatafuta tuktuk filamu ishapigwa mara sita saba. (Na usiseme basi mpaka Nairobi ntapanda treni, pale SGR Miritini mbwa wakishanusa mabegi yanaenda kwenye mashini vile vile.) Zile za kasi, kama Delta 3200, ama roli unayotaka kuipush, yaani kuipiga na kuiosha kama ina kasi zaidi ya iliyoandikwa, usizipitishe kabisa.

Halafu kumekuja hizi mashini mpya za CT, hizi ndizo adui. Yazunguka begi na kulipiga kutoka kila upande kama ile ya hospitali inayopiga kichwa, na pito moja tu laweza kuharibu filamu hata ya 200. Kodak na Ilford, wenye kutengeneza filamu, wote wametoa onyo. Utazijuaje? Kwa umbo ni kubwa, nono, lakini dalili nzuri zaidi ni maneno ya askari: ukisikia wanasema laptop iache ndani ya begi, maji acha ndani, usitoe kitu, hapo simama! Mara nyingi hiyo ni CT. Viwanja vikubwa vya Ulaya na Marekani vimezijaza na zinazidi kuongezeka.

Kwa hivyo unafanyaje, unaomba ikaguliwe kwa mkono. Wengi huona haya hapa, ama wanaomba kwa ukali kama wanadai deni. Mimi natoa roli zote kwenye maboksi yake, natia kwenye kikontena cha plastiki kinachoonesha ndani, kile cha kubebea mahamri kabisa, nakishika mkononi tangu nyumbani. Nafika mapema, sitaki kuomba fadhila wakati nyuma yangu kuna foleni ya watu thalathini na watoto wanalia.

Safari ya mwisho kutoka hapa eapoti ya Moi nlimkuta mama mmoja wa makamo kwenye mashini, nkamwamkia, shikamoo mama, naomba hizi zisipite humu, ni filamu za kamera, zikipigwa eksirei zaungua. Akakishika kikontena, akakitikisa karibu na sikio. Akatoa roli moja akaigeuza geuza, akavuta kidogo ule ulimi unaotokeza, moyo wangu ukaruka, kisha akacheka. "Mwanangu, hizi bado zipo? Mimi harusi yangu ilipigwa na hizi." Akamwita mwenzake aje aone. Akazikagua moja moja, akanrudishia, na foleni ikangoja.

Si kila mahali utampata mama kama huyu. Marekani ukiomba kukaguliwa kwa mkono waruhusu, huchukua kikaratasi wakazipangusa, kikaratasi kikapimwa kama kina baruti, kwisha. Lakini kuna kiwanja kimoja nlichopita, sikitaji, kijana alinijibu yote yapita hapa, sheria ni moja. Nkamwonesha Delta 3200, nkamwomba aniitie mkubwa wake, mkubwa akaja akazitazama akakubali zile mbili tu, nyingine zikapita. Sikubishana, ndege haikungoji, na huyo ana uwezo wa kukurudisha nyuma. Ndio maana beba japo roli moja ya kasi juu kabisa ya zingine, wakiona ile namba 3200 inawasaidia kuelewa.

Kosa jingine la kijinga ni kufika eapoti na roli nusu ndani ya kamera. Mimi askari alitaka kuona ndani kuna nini akafungua mgongo wa kamera kabla sijamaliza kusema la, picha kumi na kitu zikaenda na mwanga wa taa za juu. Imalize, irudishe kwenye kopo lake, kamera isafiri tupu. Na zile kamera za kutupa za plastiki pamoja na karatasi za Instax, zile za kamera inayotoa picha hapo hapo, hizo pia ni filamu, usidanganyike kwa kuwa hazifanani.

Mifuko ya madini ya risasi ya kukinga eksirei wanayouza mitandaoni mimi siipendi. Askari akiona kidude cheusi hakioneki ndani atataka kukifungua, ama arudishe begi lipigwe tena, umefaidi nini?

Ukishafika nyumbani salama usizisahau kwenye gari. Gari lililoegeshwa Mwembe Tayari saa saba mchana ni tanuri, na filamu haipendi joto wala huu unyevu wetu. Zangu zakaa kwenye friji ndani ya kopo lililofungwa, na nkizitoa naziacha nje saa moja ama mbili kabla sijafungua kopo, la sivyo zatoka jasho kama chupa ya soda. Mama alishawahi kuuliza ni dawa za nani hizi.

Binamu yangu naye kila Idi aniuliza picha zake. Ana watoto wawili sasa. Namwambia fundi ana kazi nyingi.